Raki ya efekti ikichemka: nafasi, feni au bisibisi?

Kwa miezi kadhaa mashine yangu ya mwangwi, iliyo kwenye raki (sanduku la kupangia mashine za sauti, moja juu ya nyingine) pamoja na mashine nyingine za efekti, yaani za kubadilisha sauti, ilikuwa na saa yake. Naiwasha, inapiga kazi vizuri tu, kisha ikifika dakika ya 40 hivi kioo cha mbele kinaganda, vitufe havisikii, na badala ya mwangwi inatoka sauti ya mtu anayekwangua sufuria. Nikiizima na kuipumzisha robo saa, inaamka kana kwamba haikufanya lolote. Nikafuata ushauri wa kila niliyemuuliza: nikanunua feni. Mashine ikaanza kugoma dakika ya 55.

Feni ilikuwa imeninunulia dakika 15, basi. Tangu hapo nimefungua raki nyingi, zangu na za wenzangu, na bado nasikia mabishano yaleyale. Mmoja anasema acha nafasi kati ya mashine. Wa pili anasema funga feni. Wa tatu, ambaye kwa kawaida ni fundi elektroniki, anasema fungua mashine yenyewe, mengine ni kupoteza muda. Wote watatu wamewahi kuponya raki, ndiyo maana hakuna anayekubali kushindwa. Tatizo ni kwamba dawa hizi hazitibu ugonjwa mmoja, na mwenye raki hununua dawa kabla ya kupima.

Joto linazaliwa wapi

Karibu umeme wote unaoingia kwenye mashine ya efekti huishia kuwa joto. Mashine ya dijitali ya yuniti moja, yaani ya ngazi moja ya raki, kwa kawaida hula wati 15 hadi 30. Panga sita za wati 25 na una wati 150 ndani ya sanduku. Ni sawa na kuwasha balbu mbili za zamani za wati 75 humo na kufunga mlango. Yuniti moja ya raki ina urefu wa milimita 44.45 kwenda juu, kwa hiyo mashine zikibanana, bati la juu la moja linakaribia kugusana na bati la chini la nyingine, na kila mmoja anampasha jirani yake.

Hilo ni joto la mtaa. Kuna pia joto la nyumbani, na hili ndilo watu hulisahau. Mashine nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zina ugavi wa umeme wa mtindo wa zamani: transfoma, daraja la dayodi, kapasita kubwa (kopo dogo linaloweka akiba ya umeme), kisha kidhibiti volti kama 7805 kinachotoa volti 5 kwa ajili ya chipu. Kidhibiti cha aina hii hakina ujanja wowote. Volti zinazozidi huziunguza. Kikipokea volti 11 na kutoa 5 huku amperi 1 ikipita, wati 6 zinageuka joto kwenye kipande kisichozidi ukubwa wa kucha ya dole gumba. Bila bamba la kupoza, kipande hicho hupanda takriban nyuzi 65 za Selsiasi kwa kila wati, kwa hiyo hakiwezi kuishi peke yake; hufungwa kwa skrubu kwenye bati la mashine, katikati kukipakwa krimu ya kupitisha joto. Ndiyo maana mashine nyingi za zamani huwa za moto sehemu moja tu, pembeni au nyuma, na baridi kwingine kote.

Kidhibiti kikifika karibu nyuzi 150 ndani yake, hujizima chenyewe kujiokoa. Kikipoa hurudi. Mashine inayokufa na kufufuka baada ya mapumziko, kama ile yangu, mara nyingi inakuonyesha jambo hilohilo, au inakuonyesha ungio la risasi (mahali mguu wa kipande umelehemiwa kwenye bodi) lililopasuka ambalo hufunguka bati linapotanuka.

Majeruhi wa polepole ni kapasita za elektroliti. Zina maji ya kemikali ndani, na joto huyakausha. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 unazopunguza zinaongeza maisha ya kapasita mara mbili. Kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwa nyuzi 105, ikikaa kwenye nyuzi 65, inakadiriwa kufika saa 32,000. Ile ya nyuzi 85 yenye saa zilezile 2,000, katika joto hilohilo la 65, inakadiriwa saa 8,000. Watengenezaji wengi wa zamani walitumia za nyuzi 85. Dalili ya kapasita kuchoka ni mwungurumo unaoingia kwenye sauti, hasa wa hezi 100 pale umeme wa ukutani ulipo wa hezi 50, na chipu zinazochanganyikiwa mashine ikipata moto.

Kipimo cha meza

Kabla ya kuchagua chochote, toa mashine inayosumbua kwenye raki. Iweke mezani peke yake, kava likiwa limefungwa, pande zote hewa inapita. Usiifungue kuitazama, ukifungua kava umebadilisha hali unayotaka kuipima. Iwashe, ipitishie muziki, iache saa mbili.

Ikigoma mezani, achana na feni na achana na nafasi. Ugonjwa uko ndani. Ikimaliza saa mbili bila kikohozi lakini kwenye raki hufa kila mara, ugonjwa ni hewa. Ikigoma mezani lakini kwa kuchelewa, kama yangu ilivyofanya kwenye saa na nusu, basi yote mawili yapo, na wa ndani ndiye mkubwa. Hewa ya raki inamharakisha tu. Kipimo hiki hakihitaji kifaa chochote, na kama ningekifanya siku ya kwanza feni ile ingebaki dukani.

Ukiwa na kipimajoto, ongeza hili: pima hewa ya chumba, kisha hewa ya juu kabisa ndani ya raki baada ya saa moja ya kazi. Kwangu mimi tofauti ikiwa chini ya nyuzi 10, hewa haina kesi ya kujibu. Ikipita 15, nashughulikia hewa hata kama hakuna kilichokufa bado. Wenye vipimajoto vya infraredi, vile vinavyopima bila kugusa, wajihadhari na bati linalong'aa, maana husoma chini sana ya joto halisi. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, subiri dakika chache, upime juu ya utepe. Asiye na kifaa atumie kiganja. Bati usiloweza kulishika kwa zaidi ya sekunde chache liko karibu nyuzi 60, na ndani ni zaidi ya hapo.

Nafasi dhidi ya feni

Hawa wawili wanashindana uwanja mmoja, kwa hiyo tuwaweke pamoja.

Kabla yao kuna jambo la bure ambalo nimelikuta limesahaulika mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema: mfuniko wa nyuma wa sanduku la safari. Mtu anaondoa wa mbele ili afikie vitufe, wa nyuma anauacha kwa sababu nyaya zinaonekana nadhifu. Toa. Sogeza raki kutoka ukutani kiasi cha mkono kupita. Angalau robo ya raki zinazochemka nilizoitwa kuzitazama zilipona hapo, na nikarudi nyumbani.

Nafasi ina sifa tatu ambazo feni haitazipata kamwe: haina kelele, haiharibiki, na haihitaji umeme. Kwa studio ya kurekodia, ambako maikrofoni iko hatua tatu kutoka kwenye raki, hiyo ya kwanza peke yake inatosha kumaliza ubishi. Ila nafasi hufanya kazi pale tu hewa ina njia ya kupanda. Geuza mashine utazame matundu yako wapi. Zenye matundu juu na chini hufaidika sana na yuniti tupu juu yake. Zenye matundu ubavuni hazijali sana nafasi ya juu, zinajali upana wa sanduku. Zisizo na tundu lolote hutegemea bati lote kupoa, na hizo ndizo za kwanza kupewa nafasi pande zote mbili.

Udhaifu wa nafasi ni hesabu. Raki ya yuniti 8 yenye mashine 6 inakupa nafasi mbili tu, na wengi hawako tayari kununua sanduku kubwa zaidi la kubeba hewa. Pia nafasi iliyozibwa kwa paneli ya bati tupu, ambayo watu huiweka kwa ajili ya urembo, imepoteza nusu ya faida yake. Kama lazima uzibe, weka paneli ya matundu.

Feni inashinda pale joto ni jingi na yuniti ni chache. Hesabu yake ni rahisi: zidisha wati kwa 3, gawanya kwa nyuzi unazokubali hewa ipande, unapata mita za ujazo za hewa kwa saa. Wati 150, ukikubali nyuzi 10, ni mita za ujazo 45. Feni moja ya milimita 120 ikiwa wazi husukuma karibu 100. Ndani ya raki yenye nyaya na vizuizi chukulia nusu. Kwa hiyo feni moja kubwa inayozunguka taratibu inaitosha raki ya kawaida ya efekti. Watu hufunga nne.

Ukubwa ndio siri ya utulivu. Paneli za yuniti moja huja na feni ndogo za milimita 40 ambazo lazima zizunguke kwa kasi sana ili kupata hewa ya maana, nazo hulia kama mbu. Kama una namna yoyote ya kuweka ya milimita 120 nyuma juu, iweke hiyo, na kama ni ya volti 12 ilishe 7 au 9. Sauti inashuka mno na hewa inabaki ya kutosha. Hakikisha tu inaanza kuzunguka kwa volti hizo kila unapoiwasha, maana baadhi hukwama. Ipe adapta yake yenyewe. Feni inayochangia umeme na mashine za sauti inaweza kuingiza mlio mwembamba ambao utautafuta kwenye nyaya wiki nzima.

Sasa jambo ambalo halisemwi vya kutosha: nafasi na feni zikiwekwa pamoja bila kufikiri, zinauana. Hewa ni mvivu, hupita njia fupi. Feni ikivuta nyuma juu, na yuniti iliyo mbele yake ni tupu, hewa ya chumba inaingia hapo mbele na kutoka palepale nyuma. Chini, mashine zinaendelea kuiva. Ukichagua feni, ziba kwa bati tupu nafasi zilizo karibu nayo na acha matundu upande wa chini kabisa, ili hewa ilazimike kupita mbele ya kila mashine. Paneli ileile ya bati niliyoilaumu kwenye raki isiyo na feni, hapa ndiyo dawa.

Amplifaya za spika zilizo kwenye raki moja na efekti zinatibua hesabu. Zina feni zao, na nyingine huvuta hewa mbele na kuitoa nyuma, nyingine kinyume chake, nyingine ubavuni. Mbili zinazopingana ndani ya sanduku moja hulishana moto. Za daraja la AB, mtindo wa zamani, hupoteza sehemu kubwa ya umeme kama joto, za daraja la D, mtindo mpya zaidi, kidogo sana, kwa hiyo kama amplifaya ni ya zamani, ushauri wangu ni mfupi: itoe, iwe na raki yake. Kama hilo haliwezekani, amplifaya hukaa chini kwa sababu ya uzito, na mashine ya valvu (taa za kioo za kukuzia sauti) hukaa juu kabisa ili joto lake lisipitie mashine nyingine. Valvu moja ya 12AX7 hula karibu wati 2 kwa kupasha waya wake tu, hata kabla ya kupiga noti moja.

Nikirudi kwenye feni, nina shaka nayo moja. Hufa kimya. Vumbi linajaa, mafuta ya beringi yanaisha, siku moja haizunguki na hakuna anayejua, kwa sababu jukwaani hakuna anayesikiliza feni. Raki iliyobanwa kwa kuitegemea feni iko hatarini kuliko raki ambayo haikuwahi kuwa nayo. Ukiichagua, umechagua pia kuisafisha kila baada ya miezi michache, kwa brashi, huku mapanga yameshikwa yasizunguke. Asiye na tabia ya kusafisha vitu achague nafasi.

Bisibisi

Hii ni ya mashine iliyogoma mezani, na ya mashine yoyote yenye zaidi ya miaka 20 unayotaka kuendelea kuitegemea.

Niseme mapema: kama hujawahi kufungua kifaa cha umeme wa ukutani, si hapa pa kujifunzia. Ugavi wa kisasa wa kuwasha na kuzima umeme kwa kasi (switch-mode), kwenye umeme wa volti 230, huweka takriban volti 325 kwenye kapasita yake kuu, na zinaweza kubaki humo baada ya plagi kuchomolewa. Mpelekee fundi. Lakini jua cha kumwomba, kwa sababu ukimwambia tu "inapata joto" atakufungia feni.

Mwombe abadilishe kapasita zote za elektroliti za upande wa ugavi, aweke za nyuzi 105. Kubadilisha moja iliyovimba na kuziacha nyingine za umri uleule ni kujipangia safari ya pili. Mwombe afungue vidhibiti volti, afute krimu ya kale iliyokauka kama chaki, apake mpya, akaze skrubu. Ayapitie upya kwa risasi maungio ya vidhibiti na ya soketi za nyuma, ambayo kila kupata moto na kupoa huyachosha. Chipu zilizo kwenye soketi azisukume chini, maana joto na baridi huzipandisha kidogo kidogo mpaka mguu mmoja unakosa kugusa.

Kuna betri pia. Mashine nyingi za zamani hutunza programu zako kwa betri ya volti 3 iliyolehemiwa kwenye bodi. Nakili programu hizo kupitia MIDI, waya wa data wa vyombo vya muziki, kabla mashine haijaguswa, au ziandike kwa mkono. Nimemwona mpiga gitaa akipokea mashine iliyopona kabisa, ikiwa haikumbuki hata sauti moja kati ya zile alizozitengeneza kwa miaka.

Angalia na volti za ukutani. Mashine iliyowekwa kwa volti 220 ikichomekwa kwenye 240, volti zinazofika kwenye kidhibiti nazo zinapanda kwa asilimia 9: zile 11 zinakuwa 12. Zinazotoka zinabaki 5, kwa hiyo wati 6 zimekuwa 7, ongezeko la karibu asilimia 17 la joto pale pale penye shida. Kama nyuma kuna swichi ya 220 na 240, kuigeuza ipasavyo ni matibabu kamili. Na mashine iliyotengenezwa kwa hezi 60 peke yake, hata ukiipa volti sahihi kupitia transfoma ya kushushia, hupata moto zaidi ikiwekwa kwenye hezi 50. Hapo hakuna feni wala nafasi itakayobadilisha transfoma iliyo ndani.

Kikwazo cha bisibisi ni kwamba inatibu mashine moja kwa wakati. Raki ya mashine sita nzima zinazopikana haitapona kwa kufungua hata moja.

Ningechagua nini

Studio yenye raki isiyohama: nafasi, paneli za matundu, mashine za moto juu. Feni hapana, labda raki ikae chumba kingine.

Raki ya safari iliyojaa, inayopigwa saa tatu mfululizo kwenye jua au chini ya taa za jukwaa: feni moja kubwa ya kuvuta, na njia ya hewa iliyozibwa vizuri kutoka chini hadi juu. Humo nafasi peke yake haitoshi, kwa sababu hewa ya nje nayo tayari ni ya moto na haina haraka ya kupanda. Adapta za ukutani zilizorundikwa ndani chini ya raki nazo zitoe nje, ni joto la bure. Mashine usiyoitumia usiku huo izime.

Mashine moja ya zamani unayoipenda, nyingine zote zikiwa sawa: bisibisi kwanza, na nafasi ya yuniti moja juu yake baadaye. Kama fundi akikuta bodi imeliwa na maji ya kapasita mpaka njia za shaba zimekatika, hapo ndipo ningefikiria kuistaafisha na kutafuta nyingine.

Yangu ilifunguliwa hatimaye. Krimu ilikuwa unga, kapasita mbili zimetunisha vichwa, na ungio moja la kidhibiti lilikuwa na mpasuko wa duara usioonekana bila kioo cha kukuzia. Baada ya hapo ilikaa mezani saa tatu ikipiga kazi, ikarudi kwenye raki, na sikuona sababu ya kuirudishia feni. Feni ile iko kwa rafiki yangu mwenye amplifaya mbili zinazopuliziana.